Maiki ya Jumamosi

Jumapili, 1 Februari

Nimemaliza ile anime ya mapanga asubuhi, kabla ya misa. Msimu wa pili wote. Wangeishia wa kwanza. Mwanzo ulikuwa mtamu, kijana ana hasira na ana sababu ya kuwa nayo. Sasa kila upanga ukiinuliwa, mtu anakumbuka utoto wake. Mpaka adui. Anakatwa mkono, badala ya kupiga yowe anakumbuka maembe ya bibi yake. Pambano dogo tu limekula sehemu nne. Michoro mizuri, sikatai. Ila michoro peke yake ni gauni la harusi lililotundikwa dukani.

Mchana kazini. Kazi yenyewe ni kukaa na laptopu mlangoni kwa banda la video la Mama Koku, hapa Buhongwa, nawawekea watu muvi na anime, hizi za Kijapani za kuchorwa, kwenye flashi. Watu wamepungua. Wanashusha wenyewe kwenye simu. Nimerudia sehemu ya mwisho ya mapanga. Bado mbaya.

Habari ya mtaa ni Mashine. Ndiye mtafsiri wetu. Anakaa nyuma ya pazia na maiki, picha inapita, yeye anasema yote kwa Kiswahili: wanaume, wanawake, watoto, mbwa. Hanyamazi, ndiyo maana ya hilo jina. Sasa koo limegoma. Daktari kamwambia afunge mdomo mwezi mzima. Mashine kufunga mdomo. Watu wanacheka, mimi sikucheka. Nina wazo.

Jumatatu, 2 Februari

Kaka Magesa kapiga simu kutoka Geita. Hata salamu haikukamilika. Ana duka la vifaa vya ujenzi, anataka nikauze. Anasema kujaza flashi za watu si kazi, na mwezi huu ukiisha sina kitu cha maana atanifuata mwenyewe. Nilimwambia nina kitu. Sikuwa nacho.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Koku. Nikamwamkia, nikaomba maiki ya Jumamosi alasiri, ile saa ya anime. Mama huyu wa Kihaya haongei sana, anakuangalia kwanza mpaka ujisikie una kosa. Kisha: "Sijawahi kusikia msichana anatafsiri." Nikamwambia hata mimi sijawahi, ndiyo maana nataka.

Kanipa Jumamosi nne. Benchi zikijaa, Jumamosi ni yangu moja kwa moja. Zisipojaa, saa hiyo anaweka mpira na meza yangu ya flashi anaifunga, haimlipi.

Basi. Nabaki Mwanza au naenda kupima misumari Geita. Sitapima misumari.

Jumatano, 4 Februari

Natafuta ya kuanzia. Nasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kukasirika.

Ile ya karani anayegongwa na lori na kuamka dunia nyingine akiwa mwana wa mfalme: hapana. Wote siku hizi wanagongwa, wote wanaamka wakubwa. Hakuna hata mmoja anayeamka akianika dagaa Igombe. Na wasichana wote wanampenda, sijui wamempendea nini. Nimeifuta kwenye laptopu.

Ile ya paka mpelelezi: paka anajua muuaji tangu sehemu ya kwanza. Sasa sisi tumekaa kusubiri nini?

Ile ya wapiga makasia wa shule: naipenda mpaka naona aibu. Wakishinda wanalia, wakishindwa wanalia, kasia likivunjika wanalia. Nami nililia nao. Lakini upepo ni wa mbele na hakuna anayetazama mawingu. Baba angezima televisheni. Na benchi zetu zimejaa watoto wa wavuvi kama mimi. Wangenizomea kabla ya mashua kutoka ufukweni.

Kijana mmoja wa bodaboda kaja kuomba "katuni". Nimemwambia katuni ni za watoto, hizi zina misiba ndani. Kasema sawa, nimwekee katuni yenye misiba.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeipata. Ile ya karakana.

Mzee anaunda mashua za mbao kwenye kisiwa chenye baridi. Mke wake amefariki. Binti yao wa pekee hakuja kuzika. Miaka imepita, binti anatokea mlangoni na begi. Mzee hamfukuzi, hamkaribishi. Anaranda mbao zake. Binti anapika kila siku, mzee hagusi. Anakula viazi vyake mwenyewe, tena amesimama. Hadithi nzima ni hiyo tu, atakula au hatakula. Anakula sehemu ya kumi na moja. Anakaa, anavuta bakuli, anakula mpaka mwisho. Kitambo kirefu, hakuna neno hata moja. Sijaona kitu kizuri kama kile.

Kasoro nazijua. Wimbo wa mwanzo unafaa tangazo la sabuni. Sehemu ya nne na ya tano zingekuwa moja. Jirani mchekeshaji hachekeshi.

Lakini nani hapa hajui maana ya kukataa chakula cha mtu? Nani hajui uzito wa kutokuja msibani kwa mama yako? Wajapani wametuchora sisi bila kujua. Ni sehemu kumi na mbili, tatu kila Jumamosi, mwezi unaisha nayo.

Nimeamua.

Jumamosi, 7 Februari

Vibaya.

Nilianza vizuri. Sauti yangu ndogo, nikaisogeza maiki, ikatosha. Wakamwelewa mzee, wakamchukia binti haraka, kama nilivyotaka. Kisha binti anafika mlangoni. Baba na mwana wanatazamana. Hawasemi. Nami nikanyamaza, kwa sababu hawasemi.

Benchi za nyuma: "Sauti!" Nikaendelea kunyamaza. "Maiki imekufa!" Miluzi. Mtu anagonga bati la ukuta. Mama Koku katoka mbio jikoni, kadhani waya umechomoka, kachomoa na kuchomeka. Vyote vikazima, televisheni na spika. Viliporudi, mzee keshaingia ndani na mlango umefungwa. Hakuna aliyeona alivyoufunga. Ule mlango ndio sehemu yote ya kwanza.

Nusu wakaondoka. Yule wa bodaboda akachungulia nyuma ya pazia kuuliza kama nilisinzia.

Mama Koku hakufoka. Angefoka ningejisikia nafuu. "Binti, mtafsiri akinyamaza, watu wanadhani umeme umekatika. Ndivyo walivyozoea."

Jumapili, 8 Februari

Hasira. Misa sikuisikia.

Ujumbe wa simu kutoka kwa Mashine, hawezi kupiga: "Usiache tundu. Tundu likionekana watu wanatorokea hapohapo. Jaza chochote."

Ameifanya kazi hii tangu mimi niko shule ya msingi. Lazima anajua. Nimejibu, asante mzee. Nimekasirika zaidi.

Jumatano, 11 Februari

Sijaangalia kitu siku tatu. Leo nimejaribu mpya, ya wachawi wa shuleni. Watu wazima wa nchi nzima wamewaachia watoto kazi ya kuiokoa dunia, wao wanavaa majoho. Nimeacha katikati.

Ukweli ni kwamba siangalii. Nasikiliza tu wapi watu wa bandani wangepiga miluzi.

Jumamosi, 14 Februari

Nimejaza.

Hakuna tundu hata moja. Mzee akiranda, nasema anachowaza. Binti akichota maji, nalalamika ndoo nzito. Jirani asiyechekesha nimempa lafudhi ya kondakta wa Nyegezi, sasa anachekesha. Kuna pale mzee anapiga magoti mbele ya picha ya marehemu mkewe, mikono mapajani, kimya. Nikasema kwa sauti nzito: "Mama watoto, umeniachia msichana anayeunguza hata maji." Benchi moja ilianguka kwa kicheko. Waliokuwa nje wakaingia. Wengine na wapenzi wao, wamevaa nyekundu, siku yao leo.

Banda limejaa. Mama Koku kanipa soda baridi na kunipiga bega. Mashine katuma vidole gumba vingi.

Nimefaulu. Najisikia vibaya sana.

Jumatatu, 16 Februari

Maoni juu ya anime niliyoitazama Jumamosi, sehemu ya nne mpaka ya sita, imetafsiriwa na mimi.

Haina maana. Mzee ni mpayukaji. Anazungumza mfululizo, kwa hiyo haieleweki kwa nini binti anaumia. Baba anayeongea hivyo ungemkimbilia. Marehemu amegeuzwa kichekesho. Ukiulizwa wanagombania nini hujui. Watu wamecheka, wakatoka, wakasahau kabla ya kufika barabarani. Ningeipata kwenye flashi ningeifuta.

Nimemwandikia Magesa asiandae chumba bado. Kajibu kwamba chumba ameshakipaka rangi.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Foleni ndefu kanisani.

Kwaresima hii naacha utani wa bure kwenye maiki. Nimeandika ili nisijifanye nimesahau. Banda lazima lijae na mzee lazima anyamaze, vyote viwili. Sijui vitawezekanaje. Nitatafuta.

Jumamosi, 21 Februari

Nusu kwa nusu. Utani nimepunguza, kimya nimeweka kidogo kidogo, kama chumvi. Walivumilia vile vifupi. Pale binti anapokuta viatu vya mama yake nilijitahidi, nikahesabu kimoyomoyo, kabla sijafika mbali mtu akasema "Dada, upo?" Nikajaza. Nilisema kitu kuhusu viatu, sikikumbuki.

Hawakuondoka, ila hawakucheka pia. Walikaa kama watu waliokosea nyumba. Kuna mmama muuza ndizi kaniambia anasubiri kuona kama mzee atakula, yeye binafsi asingekula. Huyo mmoja nimempata.

Mama Koku kanisubiri nje. Jumamosi ijayo ni ya mwisho. Wanaume wa mpira wameshamfuata. "Nilikupa nne. Ya nne nakuja kukaa mwenyewe, nione."

Magesa atapita Jumatatu ya kwanza ya Machi na gari la mzigo. Anasema daraja la Busisi limefanya Geita kuwa karibu mno, kana kwamba lilijengwa kwa ajili yangu.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeangalia ya kumi na moja tena. Na tena. Nimejaribu kuandika maneno ya kuijaza, kwa heshima, bila utani. "Chakula hiki kinanikumbusha mama yako." Uchafu. Kama anasema hivyo hakuna haja ya kula.

Nikajaribu maneno machache zaidi. Nikajaribu neno moja. Hata moja linaharibu.

Sibadilishi. Wakitoka, watoke. Lakini sitaki watoke.

Jumanne, 24 Februari

Nimekula kwa mama lishe karibu na stendi ya Nyegezi. Mzee mmoja anakula ugali na sato, taratibu, anachambua miiba. Akaja yule yule wa bodaboda, moto kabisa, huyo mzee ni mteja wake, kamwacha kwenye jua na mzigo wake wa magodoro bila kumwambia anachelewa. Kaanza kufoka tangu mlangoni. Mama lishe hakugeuka hata kutoka kwenye sufuria: "Muache mzee ale kwanza."

Akanyamaza. Papo hapo, katikati ya neno. Kijana ambaye hajawahi kunyamaza bandani kwetu. Akavua kofia, akasimama pembeni, akasubiri. Na sisi wote tukanyamaza, hata waliokuwa wanaongea mambo yao. Mpaka mzee akanawa mikono. Ndipo kijana akaendelea kufoka pale pale alipoishia.

Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo tulivyolelewa, Wajita, Wasukuma, Wahaya, wote. Baba akila, watoto hawasemi.

Nimeacha nusu ya ugali wangu mezani. Nimerudi karibu nakimbia.

Ijumaa, 27 Februari

Nimepita sehemu zote za kesho kwa sauti, chumbani. Maneno yangu pale ni machache, nayajua. Sitayaandika hapa, nisije nikayaboresha.

Naogopa. Hiyo haibadilishi kitu.

Jumamosi, 28 Februari

Walijaa. Si kwa sababu yangu, mmama wa ndizi alikuwa amewasimulia watu sokoni na kila mtu ana msimamo wake kuhusu yule binti. Mama Koku benchi ya mbele, mikono imefungwa kifuani. Mashine naye kaja, shingoni skafu, akakaa katikati ya watu. Sijawahi kumwona upande ule wa pazia. Kule nyuma, wanaume wawili wa mpira, wamekuja kuangalia saa yangu inavyoisha.

Sehemu ya kumi niliitafsiri vizuri. Neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Ya kumi na moja. Binti kapika, kaweka bakuli mezani, kasogea ukutani. Ameshakata tamaa, begi lake liko mlangoni. Mzee anaingia. Anaangalia begi. Anaangalia bakuli. Watu wakaanza, mmoja anasema hali, mwingine anakula, mwingine wewe subiri. Mzee akavuta kigoda, akakaa.

Nikasema kwenye maiki, kwa sauti ile ya mama yangu akitufukuza mlangoni: "Mzee anakula. Tusiseme."

Nikazima maiki, nikaiweka chini.

Nilisubiri miluzi. Niliwasikia wakikaa sawa, benchi zinalia. Mtu mmoja aliyekuwa anatafuna miwa akaacha. Mtoto kaanza kuuliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Yule wa bodaboda, nilimwona kupitia tundu la pazia, alivua kofia. Kwa mtu wa kwenye televisheni.

Mzee akala. Kitambo chote kile. Hakuna aliyegonga bati. Mama Koku hakukimbilia waya. Nilianza kulia nyuma ya pazia na nikaacha machozi yaende, maiki ilikuwa imezimwa.

Akamaliza. Akasukuma bakuli mbele, kidogo, kwa binti. Anaomba tena. Mmama wa ndizi akaguna, mguno wa mtu aliyeshindwa kesi. Ndipo watu wakapumua, wote pamoja.

Ya kumi na mbili walinisikiliza bila kusukumana. Wakitoka, walikuwa wanabishana kama angekula sehemu ya tatu mambo yasingefika huku. Wanabishana kuhusu hadithi. Si kuhusu mimi.

Mama Koku alibaki kwenye benchi mpaka wote wametoka. Nikaja kusimama mbele yake. Kaniangalia kama kawaida yake, macho mekundu. Kisha kasema wale wa mpira wana televisheni zao nyumbani. Jumamosi ni yako, kasema, na kesho ufungue meza mapema.

Jumapili, 1 Machi

Nimempigia Magesa. Nimemwambia nabaki, nimepata kazi, maiki ya Jumamosi ni yangu. Kauliza wanaangaliaga nini huko. Nikamsimulia mzee wa karakana. Hakunikatisha. Mwisho kauliza, akala? Nikamwambia ndiyo. Kasema haya, rangi ya chumba atamlipisha mpangaji mwingine.

Nimeanza mpya, ya posta ya milimani. Sehemu ya kwanza imezubaa. Mhusika mkuu anajieleza mno. Nitaipa mpaka ya tatu.

Alasiri kaja Mashine mezani. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Daktari kamwongezea muda, huenda sauti isirudi kama zamani. Kaniandikia hilo kwenye simu na kunionyesha, halafu akairudisha mfukoni haraka.

Akavuta kiti karibu. Akaongea, kwa pumzi tupu, ilinibidi niiname.

"Jana pale mzee anakula. Nje kulikuwa na mvua."

Nikasema ndiyo, tangu mwanzo wa sehemu ile, juu ya bati la karakana.

"Mle ndani ya picha huwa mna mvua?"

Nikamwambia mna mvua, mna ndege, mna watu wanaotembea ghorofani. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Miaka yote ile nyuma ya pazia, sauti yake juu ya zote.

Akatoa flashi mfukoni, mpya, bado ina plastiki. Akaiweka kwenye sahani ninayopokelea flashi za wateja. Anataka zote alizowahi kutafsiri, kila moja ninayoweza kuipata.

"Zile ambazo mimi simo."

Ni nyingi, zimechukua muda. Alikaa pembeni yangu akisubiri, na hatukuongea.